Foronya Mjane

Kitasa kikalia kra! nyuma ya mgongo wa Mama Foronya. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo walionitukana. Haki yenu. Leo naanza na kitasa hichohicho.

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo ni haya. Mama Foronya ni mwanamke wa makamo anayezunguka majumbani kwa watu akitafuta vitambaa vya zamani vilivyotariziwa kwa mkono: mashuka, foronya, vitambaa vya meza. Vingine anauza kibandani kwake. Vingine vinamshinda kuuza, analala navyo.

Siku hiyo alikuwa ukweni. Binti yake wa pekee anaposwa, na jamaa wa pande mbili walikuwa wakikutana kwa mara ya kwanza. Upande wa binti walikuja watatu tu: yeye, binti mwenyewe, na kaka yake Mama Foronya, fundi bomba asiyejua kunong'ona. Viatu waliviacha mlangoni, na chakula kilikuwa bado jikoni alipoomba kwenda msalani.

Msalani hakufika. Koridoni aliona mlango ulioachwa wazi kidogo, na ndani yake ncha ya kitambaa cha meza, cheupe, chenye maua ya zambarau yaliyotariziwa na mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Miguu ikamsaliti. Akaingia, akakishika, mlango ukafungwa.

Sasa yuko kwenye stoo ya watu, kitambaa cha watu mikononi. Mkwe gani hufumaniwa hivyo? Akitoka hapa akiitwa mwizi, binti yake hana ndoa.

Akageuka polepole. Nyuma ya mlango alikuwa amesimama bibi kizee mfupi, ufunguo mkononi, anatabasamu kama aliyenasa kuku wa jirani.

Mama Foronya, hata kifo kikimjia, adabu kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nimechelewa wapi?"

"Hapa. Kitambaa nimekitundika tangu asubuhi. Niliambiwa mama wa bibi harusi akiona uzi husahau hata jina la baba yake. Nikasema, ngoja nione."

"Bibi, umenitega?"

"Panya hutegwa kwa karanga. Wewe ningekutega kwa nini, kwa ugomvi?"

Huyu ndiye bibi wa bwana harusi, mama mzaa baba yake. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, na ncha za vidole zimekufa ganzi kwa sindano za ujana wake. Stoo ile yenye mashuka hadi darini, kamba ya kuanikia katikati na dirisha lenye nondo, ilikuwa kazi yake yote ya miaka. Hakuna kitambaa ndani yake ambacho hakukitarizi yeye.

Kasoro kimoja.

Bibi akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichokunjwa kikawa kama mkate.

"Nisomee," akasema.

"Nisome nini, Bibi? Hakina maandishi."

"Usijifanye mjinga kwangu. Nisomee mkono. Nani katarizi?"

Mama Foronya akakikunjua. Ilikuwa foronya, rangi ya kahawia iliyopauka, na kwenye kona yake ndege mmoja wa bluu ametua juu ya tawi. Ndege anatazama kulia. Mbele yake hakuna mwenzake, kuna kitambaa kitupu.

Sasa sikiliza, msomaji. Uso wa kitambaa ni kama mgeni wa siku ya kwanza, hucheka na kila mtu. Mama Foronya hahangaiki na uso. Aligeuza foronya ndani nje, akaisogeza dirishani.

Mgongoni nyuzi zote zilikuwa zimelalia upande usio wao. Mdarizi wa mkono wa kulia hulaza nyuzi hivi. Huyu alizilaza kinyume, safu kwa safu, bila kukosea hata moja.

Akapekua mshono wa kona kwa ukucha. Kitambaa kilichozeeka kwa miaka hubaki cheupe ndani ya mshono, kule jua na sabuni zisikofika. Hiki kilikuwa cha kahawia mpaka ndani kabisa.

"Bibi," akasema, "hii si ya zamani. Imechemshwa kwenye majani ya chai."

"Nani mdarizi?"

"Mtu wa mkono wa kushoto."

"Sikukuuliza mkono upi. Nimekuuliza nani."

Mama Foronya alimjua nani. Angemjua hata usingizini. Kwa mwaka mzima mwanamke mmoja kijana, wanayemwita Mashoto sokoni, alikuwa akimletea vitambaa kibandani. "Ni vya marehemu nyanya yangu," husema kila mara, na Mama Foronya hununua, na kuwaambia wateja ni kazi ya mikono iliyokwisha kuzikwa. Nyanya gani aliacha vitambaa visivyoisha? Hakujiuliza. Mpenda chongo huona kengeza.

Lakini si hilo lililomfanya akae chini juu ya furushi la mashuka.

Katika biashara yao kuna kitu kinaitwa foronya mjane. Ni ile iliyotariziwa kwa jozi, kisha ikapoteza mwenzake. Mama Foronya hanunui mjane. Ni mwiko wake, na amewafukuza wengi kibandani kwa sababu hiyo. Mara moja tu alivunja mwiko. Mashoto alimletea foronya yenye ndege wa bluu juu ya tawi lenye majani mawili chini yake, anatazama kushoto, na ndege yule alikuwa mzuri kiasi kwamba Mama Foronya hakupekua hata mshono. Alinunua. Akaifua, akaipiga pasi, akaiweka juu kabisa ndani ya sanduku la zawadi za binti yake.

Sanduku hilo lilikuwa sebuleni wakati huu. Baada ya chakula lingefunguliwa mbele ya watu wote.

"Bibi, hii umeitoa wapi?"

"Kabatini kwa mjukuu wangu. Chini ya mashati. Mimi ndiye ninayekunja nguo zake."

Mjukuu, yaani bwana harusi. Mama Foronya akaangalia yule ndege, na ndege hakuwa na la kumwambia zaidi ya alilokwisha kusema.

Wadarizi wana desturi yao ya zamani. Msichana akipata mtu wake hutarizi jozi ya foronya, ndege wawili wanaotazamana. Moja hubaki nayo, moja humpa mwanamume aifiche. Hazikutani mpaka siku zitakapolala kitanda kimoja. Hakuna pete wala shahidi, lakini mwenye kuipokea foronya ameshasema ndiyo.

"Sema tu," Bibi akamhimiza. "Mimi kwa umri huu sizimii tena."

"Mjukuu wako ana mtu, Bibi. Na huyo mtu namjua. Juzi alikaa kibandani kwangu, tukanywa chai."

"Tena chai!"

"Tena chai, Bibi."

Wangecheka, kama si machozi ya Mama Foronya kuwahi.

Bibi akapapasa mpaka akampata bega. "Mke wa mwanangu aliniambia hiyo foronya kaiokota mnadani, kitu cha kale. Nikanyamaza. Halafu kuna siku mwanamke alilia pale getini tangu mchana hadi jua likazama. Nikauliza ni nani. Nikaambiwa ni mchezo wa redioni. Mimi nimepofuka, mwanangu. Sijawa kiziwi."

"Kwa hiyo mama yake anajua?"

"Ndiye aliyemfukuza. Alisema mtu wa kushona sokoni hawezi kuwa mke wa mpima ardhi."

"Na mimi je? Mimi si wa sokoni?"

"Binti yako amesoma. Hilo ndilo analoliona."

Mlango ukagongwa.

"Mama! Umejifungia tena?"

Ilikuwa sauti ya mama wa bwana harusi. Aliongoza shule miaka mingi kabla ya kustaafu, na mpaka leo kila mtu anamwita Mwalimu Mkuu, hata muuza maziwa. Nyumba anaiendesha kwa kengele isiyoonekana.

Mama Foronya akatazama huku na huku. Dirishani nondo. Chini ya rafu hapaenei hata paka. Akaitupa foronya ndani ya gauni lake, akajipenyeza katikati ya mashuka mawili yaliyoning'inia kwenye kamba, akapanda juu ya kreti ya sabuni ili miguu isionekane. Kreti ikayumba. Akaomba Mungu kimoyomoyo, kisha akaiomba na kreti.

Bibi akafungua.

"Unafanya nini humu, Mama?"

"Nalala."

"Umesimama."

"Punda hulala vipi?"

Mwalimu Mkuu hakucheka. Mama Foronya alikisikia kisigino chake kikizunguka stoo, kikasimama, kikazunguka tena. Shuka la mbele lilimgusa pua kila alipovuta pumzi, kwa hiyo akaacha kuvuta.

"Foronya yenye ndege iko wapi? Nimeitafuta kabatini, haipo."

"Labda imerudi mnadani."

"Mama, nisikilize vizuri. Leo nataka niichome. Yule mama yake binti hatulii. Tangu aingie amegeuza kitambaa cha kochi, amegeuza cha redio, hata leso ya kaka yake ameigeuza. Akiiona ile, tumekwisha."

"Tumekwisha kwa nini? Si kitu cha kale?"

Mashuka yote ya stoo yalisikiliza.

"Cha kale, ndiyo," Mwalimu Mkuu akasema mwishowe. "Na kinanuka. Ukiiona nipe. Halafu huyo mwanamke mwenyewe yuko msalani tangu tumpe maji ya kunywa. Sijui anageuza nini huko. Hebu lete hiki kitambaa cha meza, nina wageni. Na ufunguo huu utakaa nje kuanzia leo, sitaki kukuta umeanguka humu peke yako."

"Unanifungia?"

"Nakulinda, Mama."

Mlango. Ufunguo, mara hii kwa upande wa korido. Kisigino kikaenda zake.

Mama Foronya akashuka kwenye kreti. Dakika chache nyuma alikuwa amefungiwa na kizee mwenye utani. Sasa walikuwa wawili ndani, na ufunguo ulikuwa kwa wenye nyumba.

Juu ya mlango palikuwa na matundu ya hewa. Kupitia hapo sebule ilimfikia vipande vipande: vijiko, kiti kikivutwa, kaka yake akiwaeleza watu kuhusu mabomba yanayopasuka. Kisha akasikia kicheko cha binti yake. Kicheko kirefu, cha kuachia, ambacho nyumbani hakikusikika kwa miaka mingi.

Kilimchoma.

Fikiria mwenyewe, msomaji. Akinyamaza, mtoto wake anaolewa na mwanamume mwenye ahadi ya mwingine chini ya mashati yake, na mama mkwe anayechoma ushahidi. Akipiga kelele, atakutwa stoo, na mali ya watu ndani ya gauni, na hakuna atakayesikiliza habari za nyuzi zilizolala kinyume. Wangemwambia kaiba, kisha katunga hadithi.

Na sanduku lilikuwa linangoja.

"Bibi, nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyenyamaza mpaka mambo yakafika hapa."

"Nikigonga, uchumba umevunjika."

"Uchumba ni kama kijiti. Ukivunjika mbichi hauna makali. Ukivunjika mkavu unachoma."

"Atanichukia."

"Atakuchukia, ndiyo," Bibi akasema, akakaa kwenye furushi, akakunja mikono. "Mimi mtoto wangu alinichukia miaka mitatu kwa jambo dogo kuliko hili. Baadaye alirudi. Lakini sikudanganyi, mwanangu, ilikuwa miaka mirefu."

Mama Foronya alisimama mbele ya ule mlango. Alimkumbuka binti akiwa mdogo, analala juu ya marundo ya vitambaa kibandani, mate yamemtoka kwenye mashuka ya watu. Alimlea peke yake, kwa sindano na kwa miguu. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokiogopa kukipoteza.

Akainua ngumi, akagonga mara moja. Akagonga tena, kwa nguvu.

Nyayo zikaja koridoni, nyepesi, za haraka. Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, na aliyepita alikuwa binti yake.

"Mama! Nimekutafuta msalani, nimekutafuta uani. Unafanya nini humu?" Akamwona kizee. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Funga mlango, mjukuu wangu, maneno yana miguu."

Binti akausukuma mlango kwa mgongo. Alikuwa amependeza. Mama Foronya aliona hilo kwanza, na roho ikamuuma zaidi.

"Mwanangu, kaa."

"Sikai, Mama. Watu wanangoja kula."

"Basi nisikilize ukiwa umesimama. Ile foronya niliyoweka juu kwenye sanduku, yenye ndege, usikubali ifunguliwe mbele ya watu. Twende tukaitoe. Nitakueleza njiani."

"Nimeshaitoa."

Mama Foronya alikuwa amefungua kinywa kuendelea. Alikifunga.

"Umeitoa?"

"Tangu asubuhi, kabla hatujaondoka nyumbani."

"Kwa nini?"

Macho ya binti yalikuwa kwenye kifua cha mama yake, mahali ambapo kona ya kahawia ilichungulia kwenye shingo ya gauni. Akanyoosha mkono, akaivuta taratibu. Akaitazama. Kisha akaigeuza, akaenda moja kwa moja mgongoni, akapekua mshono kwa ukucha, jinsi mama yake alivyomfundisha tangu akiwa na meno ya utoto.

Hakushangaa. Hapo Mama Foronya akaelewa, na hakutaka kuelewa.

"Unajua," akasema.

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Kabla yako. Niliziona nyuzi zilivyolala siku ya kwanza Mashoto alipokuja kibandani. Nilisema moyoni, Mama ataona sasa hivi. Hukuona. Ulikuwa unafurahi sana."

"Na habari za huyu kijana?"

"Aliniambia mwenyewe. Aliniambia kuna mtu, na kwamba ana foronya yake, na hawezi kunioa kabla mwenye nusu ya pili hajaiachia." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama anayesoma bei. "Kwa hiyo nilikwenda kwa Mashoto. Nikamwambia, kama umechoka kungoja, ipeleke kwa mama yangu. Atainunua."

"Mimi sinunui mjane!"

"Ndiyo. Nilimwambia pia aitarizie na majani mawili chini ya tawi kabla hajaileta. Nilijua unavyoyapenda, hapo hutaweza kukataa."

Bibi kizee kwenye furushi alitoa mguno mdogo, akaufunika kwa kiganja.

Mama Foronya alitafuta ukuta wa kuegemea, akapata rafu. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyopokea ahadi ya mwanamke mwingine. Yeye ndiye aliyeipigia pasi. Binti yake alimtuma dukani kama mtoto, naye akaenda akiimba.

"Yule mwanamke alilia getini hapa mchana kutwa," akasema. "Muulize Bibi."

"Najua. Alilia, kisha akauza. Sikumshika mkono."

"Mwanangu, hii si ndoa. Hii ni kumfukuza mtu kitandani kwake."

"Na mimi kitanda changu kiko wapi, Mama?" Sasa utulivu ulimtoka. "Nina miaka thelathini na mbili. Nimekulia kwenye nyumba iliyojaa mashuka ya harusi za watu wengine. Nalala juu yake, nakula juu yake. Kila jioni unaniambia, hii ya bibi harusi fulani, hii ya fulani. Umewahi kuniambia, hii yako? Niliona mlango umefunguka, nikaingia. Kama wewe ulivyoingia humu."

Neno hilo lilimpata Mama Foronya.

Sebuleni Mwalimu Mkuu akaita: "Jamani, bibi harusi wetu yuko wapi?"

"Nakuja, Mama!" binti akajibu. Alishaanza kumwita Mama.

Akaikunja foronya ikawa ndogo, akaishika nyuma ya mgongo. "Hii naichukua. Nitaiweka na mwenzake, na hakuna atakayeziona tena. Wewe futa uso. Tutasema ulijisikia vibaya, ukapumzika kidogo kwa Bibi. Utakula, utacheka, tutakwenda nyumbani. Basi. Ndilo ninalokuomba, Mama. Katika maisha yangu yote sijakuomba kitu kikubwa."

Kweli, hakuwahi kumwomba. Hiyo ndiyo iliyofanya jambo liwe gumu. Mama Foronya aliutazama uso ule ulioomba, akajiona akiketi pale mezani, akimsifu mpishi, akimwita mkwe yule mpima ardhi. Kisha akamwona Mashoto akija kibandani Jumatatu na kifurushi kingine, akikaa, akimiminiwa chai.

"Siwezi," akasema.

"Mama."

"Siwezi, mwanangu. Nitakuja mezani, ndiyo. Na nitasema. Niite mwizi, niite mchawi, lakini nitasema mbele ya mjomba wako. Ukishasikia kwa sauti jambo ulilolifanya, ukitaka kuolewa, olewa."

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Binti alirudi nyuma, akatoka koridoni, akabaki kizingitini. Walitazamana. Machozi yalikuwa yamemjaa, na kwa muda mfupi alikuwa yuleyule mtoto wa kibandani.

"Nisamehe," akasema.

Akavuta mlango. Ufunguo ukazunguka.

Mama Foronya hakugonga. Alisimama mbele ya mbao, mikono imening'inia.

Kupitia matundu ya hewa alizisikia nyayo za mwanawe zikirudi sebuleni. Akasikia kiti kikivutwa. Akasikia sauti ile aliyoifundisha maneno ya kwanza, imekauka, imenyooka:

"Mama ameitwa nyumbani ghafla. Amesema tusimngoje, tuendelee."

"Maskini!" Mwalimu Mkuu akasema. "Hata kuaga? Haya, jamani, karibuni tule. Sanduku tutalifungua baadaye."

Vijiko vikaanza kugonga sahani. Vikagonga, vikagonga. Kisha sauti moja, nene, isiyojua kunong'ona, ikauliza kutoka upande wa mlango wa mbele:

"Ameondoka? Ameondoka peku? Mbona viatu vya dada yangu hivi hapa?"

Vijiko vyote vikatulia kwa pamoja.